Bi Sisemi wa Jadida

Abdulnasir Ame ni fundi cherehani wa Jadida, Wete. Chumba chake cha kazi ndicho cha mbele katika nyumba anayokaa na mkewe Laila. Dirisha linatazama njia, na ukutani yametundikwa majuba na kanzu zinazowangoja wenyewe. Ukienda kushonesha, tepu utaiona shingoni mwake lakini haigusi kwanza. Hukutazama. Atakuzunguka nyuma, atarudi mbele, kisha atakwambia, "Bega lako la kulia limeshuka. Udogoni ulikuwa ukibeba maji?" Na kweli ulikuwa ukibeba maji. Jicho hilo analo tangu mtoto: mtu akipita njiani mara moja tu, yeye keshajua anavyokanyaga, anavyoshika shingo, mkono gani anautanguliza. Limemlisha miaka kumi na saba. Na ndilo lililomponza.

Aliyemlea ni mama yake mdogo, Bi Mwanakhamis. Mama mzazi alifariki Abdulnasir akiwa na miaka minne, na Bi Mwanakhamis, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto, akamchukua akamweka ubavuni pake. Alimsomesha kwa kuchuma karafuu msimu ukifika na kushona kofia msimu ukipita. Sindano ya mwanzo Abdulnasir aliishika mapajani mwa bibi huyo, akitoboa vitobo vya kofia za watu.

Bi Mwanakhamis alikuwa mtu wa maneno. Si mfitini, la. Hakuna nyumba iliyovunjika kwa mdomo wake. Alipenda tu kusema. Akiwa na habari, huvuta ncha ya kanga, akaipangusia pembe ya mdomo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Mie sisemi." Akishatangaza kwamba hasemi, basi vua viatu ukae, maana utakaa sana. Posa nyingi za Jadida zilianzia kwenye upenu wake. Laila mwenyewe alipatikana hivyo. "Mie sisemi," alimwambia Abdulnasir siku moja akimkatia muhogo, "lakini yule binti Abrahman wa Mtambwe kamaliza skuli, na nlipomuamkia alinijibu mpaka mwisho. Wasichana wa leo wanakujibu nusu."

Alikuwa na jambo moja akilionea haya. Ujanani aliwahi kuanguka na tawi la mkarafuu, nyonga ya kushoto ikaunga vibaya, na tangu hapo upande ule ulikuwa ukishuka kidogo akitembea. Hakuwahi kulitaja. Abdulnasir naye hakuwahi kumuuliza. Siku alipomshonea gauni la mwanzo, alilikata pindo la kushoto fupi kuliko la kulia kwa inchi moja na robo, ili likivaliwa likae sawa. Bi Mwanakhamis alijitazama, akajigeuza, akampiga kofi dogo la mgongo. Magauni yote yaliyofuata yalikatwa vile.

Mwaka juzi skuli moja ya sekondari ilipata mwalimu wa kujitolea kutoka Ireland, mwanamke wa makamo, jina lake Maura. Alikuja kufundisha Kiingereza, na katika mizigo yake alikuwa na mchezo wa kuigiza ulioandikwa na marehemu mjomba wake, fundi bomba aliyekuwa akiwatungia wanakijiji wenziwe vichekesho. Mchezo ulikuwa na wahusika kumi na mmoja, lakini waigizaji watatu tu, kwa sababu kijiji kizima hawakupatikana wengine waliokubali kusimama mbele za watu. Huyo huyo aliyetoka akiwa polisi hurudi akiwa padri, na watu wanacheka kabla hajafungua mdomo.

Mwalimu wa Kiswahili, Msellem, aliusoma akaupenda, akauhamishia Pemba. Mvua ya Ireland akaiacha mvua. Viazi vikawa muhogo, kilabu kikawa barza ya kahawa, padri akawa sheha. Kisa chenyewe ni cha mkulima wa miaka sitini, hajaoa, anayetafutiwa mke na mshenga mmoja mwanamke, na kila anayeposwa kuna jambo linaharibika: mara ng'ombe kala barua, mara polisi kampeleka bwana harusi siye. Waigizaji walikuwa Msellem mwenyewe, mwalimu kijana Samiha, na mwalimu wa hesabu.

Abdulnasir aliitwa kushona nguo. Nguo za mchezo ule zilikuwa kazi ya akili. Sare ya polisi ilitakiwa ivuliwe kwa mvuto mmoja, na chini yake tayari kuwe na kanzu ya sheha. Joho la bibi harusi ligeuzwe ndani nje liwe koti la mvua. Alihudhuria kila zoezi na pini zake mdomoni, akihesabu hatua za kutoka na kuingia. Mwalimu wa hesabu alipohamishiwa Mkoani, zikiwa zimebaki wiki tano, Msellem alishika kichwa.

"Basi tumekwisha," alisema.

"Nani kasema?" Abdulnasir alitoa pini mdomoni. Akasimama pale alipokuwa akisimama yule mwalimu, akausema mchezo wote kwa moyo, sehemu za mwenzake na za wengine. Maura alikaa chini sakafuni akipiga makofi.

Akapewa watu wanne: ng'ombe, sheha, polisi, na mshenga. Watatu wa mwanzo walimjia wenyewe. Mshenga alimshinda. Alijaribu sauti nyembamba, akajaribu nzito, akajaribu kupinda mgongo kama ajuza wa hadithini. Wenziwe walitabasamu kwa kumwonea huruma.

"Huyu mwanamke hana mwili," Maura alimwambia kwa Kiswahili chake cha kupapasa. "Wewe fundi. Watu wote umewapima. Hakuna mmoja?"

Abdulnasir alichukua mtandio uliokuwa juu ya kiti, akautupa begani. Nyonga yake ya kushoto ikashuka. Ncha ya mtandio ikapanda pembeni mwa mdomo, macho yakaenda kushoto, yakaenda kulia.

"Mie sisemi," alisema.

Msellem alicheka hadi akatoka nje. Maura, ambaye hata hakuelewa kwa nini, alilia kwa kucheka. Siku ile ile mshenga alipata jina, Bi Sisemi, na Msellem akayaandika upya maneno yake yote yaanzie hapo. Samiha peke yake hakucheka sana. Yeye pia mtoto wa Jadida.

"Kaka Abdul," alimwambia wakati wakikunja nguo, "yule si mama?"

"Ni mtu tu. Nimemuokota huku na kule."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jioni ile alipitia kwa Bi Mwanakhamis, akanywa chai, na bibi akampa habari za watu watatu mfululizo, kila moja na kanga yake mdomoni. Abdulnasir alimsikiliza kuliko siku zote. Alikuwa akimsikiliza kwa kuchukua: pale anapovuta pumzi, pale anapolirudia jina la mtu mara mbili. Bi Mwanakhamis alifurahi kuona mwanawe ametulia hivyo. "Leo una nafasi," alimwambia. "Mungu akuweke, mwanangu." Mpaka leo, katika yote yaliyotokea, jioni ile ndiyo inayomchoma zaidi.

Mchezo ulichezwa ukumbini Wete, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa mpaka madirishani. Laila alikuja na Bi Mwanakhamis wakakaa mstari wa pili, bibi amevaa gauni la kijani la Idi, pindo lake sawa sawa. Alicheka ng'ombe alipokula barua. Alicheka polisi alipopotea. Halafu akaingia Bi Sisemi.

Kwanza ukumbi ulishtuka, kisha ukalipuka. Si kicheko cha kumcheka mtu wa mchezo. Kilikuwa kicheko cha watu walioona kitu cha kwao, na vichwa vilianza kugeuka mstari wa pili. Bi Mwanakhamis naye alikuwa akicheka. Alicheka kwa dhati, kanga mdomoni, akampiga Laila pajani kwa furaha. Mtu hajioni anavyotembea. Ndipo mwanamke aliyekaa nyuma yake akamwinamia na kusema, wala si kwa ubaya, "Bi Mwanakhamis, huyo si weye!"

Abdulnasir aliviona vyote kutoka jukwaani. Aliiona kanga ikishuka taratibu kutoka mdomoni mwake. Aliuona mkono ukiiweka juu ya magoti na kuibana. Uso haukukunjamana, tabasamu halikuondoka. Lilibaki pale pale kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Maneno aliyobakiwa nayo yalikuwa mengi bado, na aliyasema yote. Walipomaliza, watu walimbeba begani.

Bi Mwanakhamis alimngojea nje. "Mmecheza vizuri," alimwambia, na akamshika mkono kama anavyompa mkono mgeni. Alikataa kusindikizwa. Akaondoka na njia yake, na watu waliokuwa nyuma yake wakawa wanaitazama nyonga.

Laila hakupiga kelele. Usiku alimwekea chakula akakaa mbele yake. "Mtakwenda Chake wiki ijayo," alisema. "Yule mshenga mbadilishe. Nakuomba."

"Nitambadilisha."

"Niahidi."

Alimwahidi, na aliikusudia ahadi ile. Wiki nzima alifanya mazoezi ya sauti nyingine, ya bibi mmoja aliyemtunga kichwani, hana mwenyewe duniani. Alipita kwa Bi Mwanakhamis mara mbili. Akamkuta anashona kofia, akajibiwa salamu, akapewa chai. Hapakuwa na habari za watu. Abdulnasir alijiambia kuwa limekwisha, mama amesamehe. Kwa kweli alitaka liwe limekwisha, na asiyetaka kuuliza hupata majibu upesi.

Huko Tibirinzi, mjini Chake, ukumbi ulikuwa mkubwa, na watu hawakuwa wakimjua mtu wa Jadida. Aliingia na yule mshenga wa kutunga. Sentensi ya kwanza, kimya. Ya pili, mtu akakohoa. Msellem, aliyekuwa mkulima wa miaka sitini, alimkodolea macho ya kumsihi. Abdulnasir aliwaona watu wa mbele wanaanza kutazama simu zao. Angeweza kuvumilia. Kulikuwa na kurasa sita tu, na baada yake angerudi ng'ombe, na ng'ombe huchekesha popote. Lakini utamu wa Wete ulikuwa bado uko mwilini mwake. Nyonga ikashuka. Mkono ukapanda mdomoni. "Mie sisemi," akasema, na Tibirinzi nzima ikaanguka kwa kicheko.

Mara ya kwanza angeweza kusema hakujua. Hii ya pili alijua.

Mtu mmoja alirikodi kipande cha dakika mbili. Hakikuchukua siku tatu kufika Wete, kikaingia kila kundi la simu, na ikawa Bi Mwanakhamis hana tena jina lake. Madukani aliitwa Bi Sisemi. Kwenye harusi ya mjukuu wa jirani, wanawake walimweka kati wakamwambia, "Hebu, Bi Sisemi, tuchekeshe!" Wengine walimwiga mbele yake, kwa mapenzi, kama wanavyomwiga mtu maarufu. Alikaa mpaka ilipopita sahani ya pilau, akaaga.

Tangu siku ile akawa hasemi kweli. Mtu akimletea habari humsikiliza na kuitikia, "Inshallah kheri." Kanga aliibana kwapani isipande. Posa ya mwana wa jirani wa pili ilipita bila yeye kuuliza hata jina la ukoo.

Mwezi mmoja baadaye alikuja chumbani kwa Abdulnasir na kitambaa cha hudhurungi chini ya buibui.

"Nshonee gauni," alisema.

"Hewala, mama." Alifurahi, akaona mlango umefunguka. Akakitandaza kitambaa mezani, akachukua chaki.

"Pindo ulikate sawa."

"Ndivyo ninavyokata siku zote, mama."

"Sivyo." Hakupandisha sauti. "Nnajua unavyokata. Kata sawa, kushoto na kulia. Pemba nzima washaiona, tunamficha nani?"

Chaki ilimponyoka. Alipiga magoti, si kwa kuigiza, akashika pindo la buibui lake. "Mama, nimekukosea. Nimekukosea mara mbili. Nipige, nitukane, lakini usinyamaze."

Bi Mwanakhamis aliiokota chaki akamrudishia mkononi. "Hukusema uwongo hata neno moja," alimwambia. "Ndivyo nilivyo. Mie nlikuwa sijui tu. Nlikuwa nikikaa na watu, nikisema, wakicheka, nikidhani wanaicheka hadithi." Akakikunja kitambaa akakiweka pembeni. "Nshakusamehe. Mtoto haachi kusamehewa. Lakini kila nikifungua mdomo namsikia yule wako. Nifanye nini?"

Abdulnasir alilikata gauni kama alivyoamrishwa. Bi Mwanakhamis alipolivaa, upande wa kushoto ulikaribia kuburura chini, naye akatoka nalo mchana kweupe, akapita mbele ya barza, hakumtazama mtu.

Baada ya Ramadhani alihamia kisiwani Fundo kwa mdogo wake, Bi Time, ambaye alikuwa mjane na nyumba kubwa. Alisema anakwenda kumsaidia. Hakuna aliyebishana naye. Maura naye alimaliza muda wake akarudi kwao. Kabla hajaondoka alikuja kumuaga Abdulnasir na kumwambia kuwa kuna watu Unguja wanautaka mchezo. Abdulnasir alikataa kwenda. Alimpa Msellem nguo zote zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, na kumwonesha utepe wa kuvuta uko wapi. Msellem alikasirika. "Mtu ana bahati anaitupa," alisema, na hawakusemezana karibu mwaka. Mshenga alipewa kijana wa Chake. Inasemekana anachekesha.

Abdulnasir akawa anakwenda Fundo kila Ijumaa ya pili, kwa boti inayotoka Wete asubuhi. Humpelekea sukari, dawa ya miguu, nyuzi za kofia. Bi Mwanakhamis humwekea kiti. Hapo zamani hakuwahi kumwekea kiti; alikuwa akikaa mkekani popote penye nafasi. Wanaulizana afya, wanaulizana mvua, chai inakwisha, boti inarudi.

Safari moja, Bi Time akiwa jikoni, Bi Mwanakhamis aliuliza ghafla, macho yakiwa kwenye kofia anayoishona, "Yule mzee wa mchezo, alioa mwisho wake?"

Abdulnasir alishangaa. "Si ulikuwepo, mama?"

"Nlikaa mpaka mwisho. Lakini sikusikia kitu."

Basi akamhadithia. Aliweka mikono juu ya magoti ili isicheze, akahadithia kwa sauti yake moja. Alimwambia kuwa posa zote zilipoharibika, mshenga alikata tamaa akaacha kuja nyumbani kwa yule mzee. Zikapita siku. Mzee akaona nyumba imekuwa kimya mno hata ng'ombe hali, ndipo akafahamu kuwa muda wote ule hakuwa akingojea mke aliyetafutiwa. Alikuwa akingojea yule anayekuja kumpa habari. Akavaa kanzu yake safi, akaenda kumposa mshenga mwenyewe.

Sindano ya Bi Mwanakhamis ilisimama. "Ala," alisema. "Na yeye?"

"Alikubali."

"Alimjibuje?"

Alikumbuka neno kwa neno. Lilianza kwa "Mie sisemi", nalo lilikuwa neno la mwisho la mchezo, na watu wa Wete na wa Chake walisimama kulipigia makofi. "Nimesahau, mama," alisema. "Alikubali tu."

Bi Mwanakhamis aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kitobo chake. Abdulnasir alipanda boti akijilaumu njia nzima. Alikuwa amemnyima jawabu la kheri kwa kuogopa kulitamka, na hakujua kama angalilitamka ingekuwa afadhali au kuchokonoa kidonda.

Mwaka huu, mwezi wa Mfungo Sita, ule wa Maulidi, Laila alijifungua mtoto wa kike. Bi Mwanakhamis alikuja na boti ya kwanza bila kuitwa, na mfuko wa dawa za uzazi na kanga mpya nne. Alikaa siku arubaini kamili. Alimkanda Laila, alimkosha mtoto, alipika uji wa pilipili manga. Kwa Abdulnasir alikuwa mpole na mwenye heshima, kama alivyozoea sasa.

Chumba cha uzazi kimepakana na chumba cha kazi, ukuta mmoja tu. Siku ya tano Abdulnasir alikuwa anapiga cherehani, akasikia kitu nyuma ya sauti ya magurudumu. Ilikuwa sauti ya Bi Mwanakhamis, ile ya zamani, inapanda na kushuka, inarudia jina la mtu mara mbili. Na Laila anacheka akimwomba anyamaze, nyuzi zisije zikafunguka. Abdulnasir aliondoa mguu kwenye pedali apate kusikia vizuri. Cherehani ikanyamaza, na kule ndani sauti nayo ikakatika pale pale.

Alirudisha mguu akapiga tena, na baada ya muda sauti ikarejea.

Kwa siku zote zilizobakia alijifunza mwendo wake. Kazi ikiisha aliitoa nguo chini ya sindano, akaondoa na uzi, akaendelea kukanyaga pedali na cherehani tupu. Maneno hakuyapata hata moja. Laila alimwambia wiki ya mwisho kuwa ni hadithi za udogo wake yeye Abdulnasir, akamuuliza kama anataka amsimulie. Alisema hapana. Siku ya arubaini alimsindikiza Bi Mwanakhamis mpaka gatini, akampakilia mizigo yake, akambusu mkono, na boti ikaondoka.